Mbele ya mabafle, tuangalie kwanza redio

Wandugu wachimbaji wakishuka Butembo ao Beni na pesa kidogo, wengi wanapita ku duka kununua chombo cha muziki. Tunawaelewa: mtu aliyefanya miezi mu shimo ana haki ya kufurahi na familia yake. Lakini tunaona namna tunavyochagua. Tunahesabu mabafle, tunaangalia mataa yanayowaka, muuzaji anatia flashi, muziki unapiga kwa nguvu, tunalipa. Redio yenyewe hakuna mtu anaijaribu. Kufika nyumbani, FM inafanya shaa tu, na mama anarudi kuuliza habari kwa jirani.

Sisi tunasema: hapa kwetu, redio njo inapaswa kuchaguliwa kwanza. Tukumbuke. Tarehe 31 Desemba 2018, kiisha uchaguzi, intaneti ilikatwa mu inchi yote, karibu siku 20. Wakati ule Ebola ilikuwa inaua watu mu Beni na Butembo. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, kiisha kuua watu zaidi ya 2.200. Simu bila intaneti haikuweza kutuletea ile habari yote. Redio iliendelea kusema: Radio Moto, Radio Okapi ambayo iko hewani tangu tarehe 25 Februari 2002, na maredio mengine ya mitaa. Hata leo, mu usalama huu mubaya, mama mwenye bwana yake iko ku machimbo anategea habari ya barabara mbele ya kulala.

Basi, ku duka tufanye hivi. Tumuombe muuzaji atoe flashi na aweke FM. Tutafute kituo chenye nguvu, kisha kile ambacho kwetu kinashikaka kwa shida. Tutafute tena vituo viwili vinavyokaribiana ku namba: kama kimoja kinaingia mu kingine, ile redio haichague vizuri, tuiache. Tuzime kuran, tuwashe tena: vituo tulivyoweka vimebaki ao vimepotea? Kuran yetu inakatika mara na mara, hakuna mtu anataka kutafuta upya kila siku. Tuangalie nyuma: kuko tundu ya antene ya inje? Na chombo kinaweza kutumika na batri ya volti 12, ile ya pano ya jua? Kama majibu ni hapana, bei ya chini isitudanganye.

Tusisahau kwamba mawimbi ya FM yanaenda karibu mustari mnyofu. Kilima kikisimama kati ya antene ya kituo na nyumba yako, sauti inachoka. Mwenye kuishi mu bonde akinunua chombo cha bei kali na kuacha waya yake chini ya kitanda, atasikia vibaya kuliko jirani mwenye karedio kadogo na antene juu ya mti. Waya mbili za shaba, kila moja karibu sentimita 75, zilizonyooshwa moja huku na moja kule, zinafanya antene muzuri. Tuziweke juu, inje, mbali na mabati. Mvua ya radi ikikaribia, tuchomoe ile waya. Kama sauti bado iko na shaa, tuweke chombo mu mono: stereo inaomba mawimbi yenye nguvu zaidi. Na tuchomoe konvertisere na machaji za simu za bei rahisi karibu na redio, juu mara nyingi zenyewe njo zinaleta makelele.

Kuko watu watasema simu inatosha. Simu ya baba iko mu mufuko wake, na baba iko ku machimbo. Redio inabaki nyumbani, na watu wote wa nyumba wanasikia pamoja, hata koko asiyejua kusoma.

Muziki tuupige, hatukatazi. Lakini chombo ambacho kinaimba tu bila kutuambia barabara iko namna gani, hicho ni nusu ya chombo. Pesa ya shimo inatoka kwa jasho. Tusilipe bei nzima kwa nusu.