Kijana wa Ipinda Baada ya Filimbi

Msimu wa 2013/14 Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, iliingia Ligi Kuu ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Kyela nzima tulijiona washindi. Mwaka 2023 ikashuka daraja.

Nawaelewa mashabiki wanaonung'unika, nami ni mmoja wao. Kushuka si aibu. Kinachotuuma ni hatima ya kijana wa Ipinda au Matema anayeng'ara UMISSETA: mashindano yakiisha hurudi kwenye mpunga na kokoa, asifuatwe na yeyote. Dirisha la usajili likifunguliwa, mjadala wote huwa wa wachezaji waliokwisha kukomaa kwingine. Timu ikiendeshwa kwa fedha ya umma, diwani na aulizwe: fungu la vijana ni shilingi ngapi?