BARUA YA BWANA SHAMBA: Usingoje Kuuza Shamba

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita nilikuwa Ujiji kutazama michikichi. Nilimkuta mzee mmoja anauza nusu ya shamba lake. Mkewe ana kansa ya shingo ya kizazi. Anatakiwa aende Mwanza, Hospitali ya Bugando, kutibiwa kwa mionzi.

"Bwana Shamba," aliniambia, "dawa ni fedha. Nauli ni fedha. Kulala na kula ugenini ni fedha."

Kansa hii huanza polepole, bila maumivu. Ikijulikana mapema, matibabu yake ni mepesi. Ikichelewa, gharama hupanda na shamba huuzwa.

Basi tufanye haya:

1. Mama mwenye miaka 30 au zaidi akapimwe, hata kama haumwi.

2. Akitokwa damu isiyo ya hedhi, aende hospitali upesi.

3. Binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Hailipiwi.

4. Ukiuza mawese au dagaa, weka akiba ya matibabu.

Mche ukiugua, hungoji shamba zima liugue. Je, mama wa nyumbani kwako amepimwa?

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu, Kigoma