Asumini halisi hainukii sabuni

Na Mwanakombo Salim

Muuzaji wa manukato hukupa kijikaratasi, ukanusa, ukatoa hukumu papo hapo. Kwa manukato ya ndimu njia hiyo haina ubaya mkubwa, maana ndimu humaliza mengi ya kusema katika dakika za mwanzo. Kwa manukato ya maua meupe ni dhuluma. Ndiyo maana nawasikia wanawake wenzangu wakisema "yananiumiza kichwa" au "haya ya kibibi", kisha wanarudi kwenye vanila na matunda. Wiki hii nayatetea.

Maua meupe, kwa watunzi wa manukato, ni ukoo mmoja: asumini, ua la mchungwa, gardenia, tuberozi na langilangi. Langilangi ikikomaa huwa ya manjano, lakini imeingizwa humo kwa sababu ya harufu yake nzito yenye utamu. Mengi ya maua haya hufanya kazi yake gizani. Hayana rangi ya kumvutia nyuki mchana, kwa hiyo humwita nondo usiku, nayo humwita kwa harufu. Kwenye mashamba ya asumini ya delta ya Nile, Misri, wachumaji huingia kabla ya alfajiri wakiwa na taa, kwa sababu jua likishapanda harufu hupungua.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Ndani ya asumini na ua la mchungwa kuna kemikali iitwayo indoli. Indoli hiyo hiyo imo kwenye kinyesi, na ikiwa peke yake kwa wingi hukaribia harufu ya naftalini za kabatini. Ndani ya ua imo kwa kipimo kidogo, na kipimo hicho ndicho kinacholipa ua mwili. Mwanamke yeyote wa pwani aliyewahi kulala na kikuba cha asumini anaijua: jioni ni utamu mtupu, usiku wa manane harufu inakuwa nzito, asubuhi petali zimeanza kuwa kahawia na kuna kitu kinachofanana na tunda lililoiva kupita kiasi. Hakuna aliyekitupa kikuba usiku ule kwa sababu hiyo. Asumini na langilangi tuliziweka kwenye nywele na kwenye kitanda cha bibi harusi tukijua vizuri zinanukia nini. Ukiiondoa indoli yote, kinachobaki ni sabuni nzuri.

Mfano wangu mkubwa ni Fracas. Yalitungwa mwaka 1948 na Germaine Cellier kwa nyumba ya mitindo ya Robert Piguet, Paris, wakati ambapo wanawake waliotunga manukato walikuwa wachache mno. Miaka 4 kabla ya hapo, kwa nyumba hiyo hiyo, Cellier alikuwa ametunga Bandit, manukato ya ngozi na majani machungu. Hakuwa mtu wa kunong'ona. Katika Fracas alilichukua ua la tuberozi, lenye asili ya Mexico, akaliweka mbele bila kulifunika, na asumini, ua la mchungwa na gardenia zikalizunguka kama wasindikizaji.

Dakika za mwanzo ni kali, sikatai. Kuna ua la mchungwa, kuna utamu wa pichi, na vyote vinakujia kwa pamoja. Mtu wa kijikaratasi huondoka hapo. Lakini subiri nusu saa, ukali unashuka na tuberozi inafunguka: laini, yenye mafuta, nzito kama tui la kwanza. Hilo la tui silipambi, kwa kuwa tuberozi yenyewe ina kemikali ziitwazo laktoni, za jamii ile ile inayozipa nazi na pichi harufu zao. Chini ya ulaini huo kuna joto la ngozi ya mtu, kidogo tu, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote. Baada ya saa kadhaa hubaki sandali na miski karibu na mwili. Kwenye kitambaa utayakuta hata kesho yake.

Kuna upande wa pili, nao una haki yake. Miaka ya 1960 watunzi walipata kemikali iitwayo hedione, inayotoa upande mwepesi wa asumini, wenye hewa, bila uzito wa ua lenyewe. Edmond Roudnitska aliitumia katika Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966, manukato ya wanaume, na tangu hapo imeenea kila mahali. J'adore ya mwaka 1999, kazi ya Calice Becker, ina langilangi na asumini zilizong'arishwa mpaka hazina kivuli. Gucci Bloom ya mwaka 2017, ya Alberto Morillas, ni tuberozi na asumini yenye ubichi wa majani. Bloom ningeyapendekeza kwa mtu anayeanza, na kwa ofisini yanafaa kuliko Fracas. Lakini anayeishia hapo akaamini amelijua ua, amejua nusu yake nyepesi.

Kuvaa ni shauri jingine, hasa huku kwetu. Joto hufanya manukato yaruke haraka zaidi: ya mwanzo yanatoweka upesi, na ya katikati yanasambaa mbali. Kinachotosha Paris mwezi Januari ni balaa ndani ya daladala saa saba mchana. Kwa maua meupe, pulizia mara mbili, basi. Usipulizie shingoni, chini kabisa ya pua yako, maana hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma. Weka kifuani chini ya nguo, au nyuma ya magoti, harufu ipande yenyewe taratibu. Ngozi kavu huyapoteza mapema, kwa hiyo tangulia na mafuta yasiyo na harufu. Nguo nyeupe na hariri ziepushe, baadhi ya manukato haya huacha doa.

Na udi usiuache. Naona wasichana wakiamini ni lazima wachague, udi wa nyumbani au chupa ya dukani. Fukiza nguo, kisha weka ua kwenye ngozi. Ule moshi wa mti unaishika tuberozi, unaikata utamu na kuipa mahali pa kukaa. Bibi zetu walipanga harufu kwa tabaka, singo mwilini, udi kwenye nguo, asumini kichwani, na hawakuhitaji mtu wa dukani kuwafundisha. Hata langilangi iliyo katika chupa nyingi za Ufaransa, Chanel No. 5 ya mwaka 1921 ikiwa mojawapo, inatuhusu kwa karibu. Komoro, jirani zetu, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta yake. Wachumaji, wengi wao wanawake, huchuma asubuhi mapema kwenye miti iliyopogolewa iwe mifupi ili mkono ufike, na mafuta yanayotoka mwanzo wa ukenekaji ndiyo yanayokwenda kwenye manukato ghali. Yanayotoka mwishoni huishia kwenye sabuni.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda alasiri, si mchana. Kikatae kijikaratasi. Omba upuliziwe mkononi mara moja, usisugue, kisha ondoka, hata kama muuzaji anakusihi kwamba bei ya leo haitakuwepo kesho. Fanya shughuli zako, pika, swali isha. Nusa saa tatu usiku. Ikiwa kimebaki utamu mtupu, pesa yako ibaki mfukoni. Ikiwa kuna kitu kinachokusumbua kidogo na bado mkono unaurudisha puani, kesho rudi ukanunue chupa ya mililita 30.