KONTENA LISIRUDI TUPU

Wako wadhanio kwamba nauli ya kontena hupangwa na wenye meli peke yao. Sivyo. Meli hufuata soko. Mwaka 2009, nchi tajiri zilipopatwa na msukosuko wa fedha, wanunuzi walipungua na mamia ya meli zikatia nanga bila kazi. Mwaka 2021 mambo yaligeuka. Wamarekani, wakikaa nyumbani kwa sababu ya UVIKO, waliagiza bidhaa kwa wingi mno. Nauli ya kontena la futi 40 kutoka Shanghai hadi Los Angeles ikapita dola 10,000. Meli na makontena vilikimbilia huko, na mfanyabiashara wa Kariakoo naye akapandishiwa nauli.

Makontena mengi huingia Dar es Salaam yamejaa na kurudi matupu, na gharama ya kurudi hulipwa na mnunuzi wetu. Huku pamba yetu nyingi huuzwa nje marobota, nasi tukaletewa nguo! Twasema: tufume wenyewe, tusafirishe nguo. Asiye na shehena ya kurudisha hana sauti mbele ya mwenye meli.