Haki za kazi za mtandaoni: jina la mtunzi lisiposomeka, malipo hayamfikii

Hakimiliki haihitaji mhuri ili iwepo. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 1994, unamlinda mtunzi bila kumtaka atimize masharti ya usajili. Hata hivyo, kuwa na haki ni jambo moja, na haki hiyo kutambulika mahali kazi inapotumika ni jambo jingine. Wimbo unapochezwa kupitia jukwaa la mtandaoni katika nchi ya mbali, hakuna karani anayeuliza nani aliutunga. Kinachosomwa ni metadata, yaani taarifa zinazoambatana na kazi kueleza jina lake, mmiliki wake na masharti ya matumizi yake.

Ukubwa wa tatizo ulidhihirika nchini Marekani mwezi Februari 2021. Majukwaa ya muziki yaliwasilisha takriban dola milioni 424 za mirabaha kwa MLC, taasisi iliyoteuliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2018. Fedha hizo zilikuwa zimekaa bila kulipwa kwa sababu rekodi zilizochezwa hazikuweza kuoanishwa na wenye tungo. Nyimbo zilikuwa zimesikilizwa na fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni taarifa.

Kuepusha hali hiyo, sekta ya muziki hutumia namba za utambulisho. ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, hutambulisha rekodi; ISWC hutambulisha utunzi wenyewe. Tofauti hii huwachanganya wengi, nayo ndiyo yenye gharama. Wimbo wa taarabu ukirekodiwa na kikundi kimoja, kisha ukaimbwa upya na kurekodiwa na vikundi viwili vingine, utakuwa na ISRC tatu lakini ISWC moja tu. Msanii mwenye ISRC pekee anaweza kulipwa kama mmiliki wa rekodi, huku fungu la mtunzi likibaki bila mwenyewe. Wala namba haisuluhishi yale ambayo wahusika hawakukubaliana. Iwapo mwandishi wa mashairi, mtunzi wa muziki na mtayarishaji hawakuandikiana asilimia zao siku ya kurekodi, mfumo utaubeba mgogoro wao kama ulivyo. Udhaifu huu wa studio ni mkubwa kuliko ule wa teknolojia.

Namba hueleza kazi ni ipi. Masharti ya kuitumia yanahitaji lugha yake. Tarehe 15 Februari 2018, W3C, jumuiya inayosimamia viwango vya wavuti, ilipitisha ODRL toleo la 2.2, lugha iliyojengwa juu ya mambo matatu: ruhusa, katazo na wajibu. Mpiga picha anaweza kutamka kwamba picha yake ya Mji Mkongwe wa Zanzibar iruhusiwe kuchapishwa hadi tarehe fulani, kwa sharti la malipo, na isibadilishwe; kompyuta ya mchapishaji ikayasoma masharti hayo bila kusubiri barua. ODRL si kufuli, kwani haimzuii anayeamua kuyapuuza. Anayetaka njia nyepesi anaweza kutumia leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ambazo nazo zina maelezo yanayosomwa na kompyuta. Atafakari kwanza, kwa kuwa ruhusa iliyokwisha kutolewa kwa leseni hizo haiwezi kufutwa kwa mtu anayefuata masharti yake.

Ujio wa akili unde umeongeza uzito wa suala hili. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu hakimiliki, katika kifungu cha 4, yanaruhusu uchimbaji wa matini na data kutoka katika kazi zilizopatikana kihalali, isipokuwa pale mwenye haki alipoweka zuio. Kwa kazi zilizo wazi mtandaoni, njia inayotajwa ni zuio linalosomeka na mashine.

Kwa wapiga picha, kiwango cha IPTC kina nafasi za kujaza jina la mtayarishaji na ilani ya hakimiliki ndani ya faili lenyewe, na programu nyingi za kuhariri picha huzionesha. Nakala ya asili yenye taarifa hizo ibaki kwa mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya mitandao ya kijamii huziondoa mara picha inapopakiwa.