Kuokota ni Mwanzo, Kulea Ndiyo Kazi

Paka ni mkaazi wa zamani wa mji wetu wa Unguja. Yumo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, yumo sokoni Darajani, yumo Malindi pale samaki wanaposhushwa, na jioni yumo Forodhani akingojea mabaki ya pweza na mishikaki. Mabaharia wa majahazi walimthamini kwa kuwa alilinda nafaka zao dhidi ya panya. Kwa hiyo hatuandiki leo ili kumjulisha paka kwa wananchi. Tunaandika juu ya tabia moja inayoendelea mbele ya macho yetu, nayo ni tabia ya kuwatupa watoto wa paka.

Mwenye nyumba huona paka wake amezaa watoto watano. Huwatia katika pakacha, akampa kijana awapeleke sokoni au pwani, na moyo wake ukatulia kwa hoja kwamba huko samaki hawakosekani. Hoja hiyo haina ukweli hata chembe. Mtoto wa paka hufumbua macho baina ya siku ya 7 na ya 14, na hawezi kula chakula kigumu kabla ya kutimiza wiki 4 hivi. Chini ya umri huo hata joto la mwili wake hawezi kulihifadhi bila ya mama yake. Kumweka kando ya lundo la vichwa vya samaki ni sawa na kumwandalia mtoto mchanga wa binadamu sinia ya biriani. Aliyemtupa hakumwachia riziki. Amemhukumu kifo, kisha ameondoka ili asikishuhudie.

Wapo wananchi, aghalabu akina mama na vijana wa skuli, wasiokubaliana na ukatili huo. Huwaokota viumbe hao na kuwaleta nyumbani. Tunawapongeza. Hata hivyo, pongezi peke yake hazitoshi, kwani mara nyingi kazi hii njema huharibika katikati ya njia. Mtoto wa paka huokotwa leo, akapewa jirani kesho, na baada ya wiki amekufa au amerudishwa barabarani. Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nasi tunasema kuokota ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ni kumlea katika ugonjwa wake mpaka apone, ndipo akabidhiwe kwa mwenye nyumba atakayeishi naye.

Malezi hayo yana utaratibu wake, na hauhitaji utajiri. La kwanza ni joto: chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, ndani ya boksi, mahali pasipo upepo. Mtoto aliyepoa asilishwe kabla hajapata joto, kwa sababu tumbo lake halifanyi kazi. La pili ni maziwa. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kuhara humkausha maji mwilini. Yafaa maziwa maalumu ya watoto wa paka kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Anyweshwe kila baada ya saa 2 hadi 4, usiku na mchana, akiwa amelala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama yake. Akilazwa chali maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Baada ya kunywa, afutwe kwa kitambaa laini chenye maji vuguvugu ili apate haja, kazi ambayo mama huifanya kwa ulimi. Kila siku apimwe kwa mizani. Huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, na akiwa mzima huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Siku uzito uliposimama, ugonjwa uko mlangoni.

Na maradhi ni mengi. Viroboto humnyonya damu mpaka ufizi wake ukawa mweupe. Minyoo humvimbisha tumbo huku mbavu zikihesabika. Mafua ya paka humfunga pua, akakosa harufu ya chakula na kukataa kula, na usaha ukamgandisha macho. Asiposafishwa na kutibiwa huweza kuwa kipofu. La kutisha zaidi ni panlukopenia, maradhi ya virusi yanayoleta kutapika na kuhara na kuua kwa siku chache. Virusi vyake huweza kukaa katika sakafu na vyombo kwa muda wa mwaka mzima, na sabuni ya kawaida haiviui. Hushindwa na dawa yenye klorini. Kwa sababu hiyo kila mgeni atengwe na paka wengine kwa wiki 2, na mlezi aoshe mikono kila amshikapo.

Hapa hatuna budi kutoa onyo. Wapo watu wanaompa paka mgonjwa panado kwa nia njema. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Vilevile dawa za viroboto vya mbwa zenye pamethrini ni sumu kwa paka. Huruma isiyo na elimu huua kama ukatili uuavyo.

Tunajua kwamba wapo watakaouliza: hospitali zina mahitaji, skuli zina mahitaji, iweje gazeti lipoteze wino kwa ajili ya paka? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Kwanza, hatuombi shilingi ya mgonjwa wala dawati la mwanafunzi. Pili, afya ya mnyama anayelala jikoni mwetu ni sehemu ya afya yetu. Minyoo na choa huweza kutoka kwake kuja kwa watoto wetu, na kichaa cha mbwa humpata paka pia. Pemba imeonesha njia. Chanjo za mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliyaondoa maradhi hayo kisiwani, na yaliporejea mwaka 2016, chanjo iliyoimarishwa upya iliyafuta tena. Lililowezekana kwa mbwa wa Pemba halishindikani kwa paka wa Unguja.

Wengine hupendekeza sumu. Sumu haichagui: itamuua paka, kuku wa jirani na pengine mtoto wa mtu, na nafasi iliyoachwa itajazwa na paka wengine kwa muda mfupi. Wala mtu asidhani kwamba kuwahamishia msitu wa Jozani au kisiwa kidogo ni huruma, kwani huko watawaangamiza ndege wasio na makosa. Dawa ya wingi wa paka ni kuwahasi madume na kuwafunga kizazi majike. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na huibeba kwa wiki 9 hivi. Atakayehesabu ataona kwa nini pakacha la kutupa halitapata kupumzika.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu kwa wahusika. Mosi, masheha waandikishe nyumba zilizo tayari kuwa za walezi, ili aliyeokota mtoto wa paka ajue ampeleke wapi. Pili, wizara inayohusika na mifugo itenge walau siku moja kila mwezi, katika vituo vyake vilivyopo, kwa ajili ya chanjo na upasuaji wa paka. Tatu, wenye hoteli na mikahawa, ambao wageni wao hupenda kuwapiga picha paka hawa, wachangie gharama za dawa.

Kwa upande wa walezi, isiwe halali kumtoa mtoto wa paka kabla hajatimiza wiki 8, hajatibiwa minyoo, hajaanza chanjo, na hajala vizuri bila ya dawa kwa siku kadhaa mfululizo. Anayempokea aahidi kukamilisha chanjo na kumfunga kizazi wakati ukifika.

Sisi tuliokalia majamvi ya chuo tulifundishwa mapema habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Tulifundishwa pia kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Mafunzo hayo hayakukusudiwa kubaki chuoni. Yanadai kitendo sokoni, pwani na afisini.

Basi anayetaka kutupa, asitupe. Ampeleke kwa mlezi. Aliyeokota, asichoke kabla ya kupona. Na mwenye madaraka asingoje kuombwa mara ya pili.