Uchafu Uko Chini ya Godoro

Hedhi ni kutoka kwa utando laini uliojengeka ndani ya mji wa mimba kusubiri mimba ambayo haikutunga. Kila mwezi homoni za estrojeni na projesteroni huunenepesha utando huo na kuujaza mishipa midogo ya damu. Yai lisiporutubishwa, homoni hizo hushuka, utando ukabanduka na kutoka pamoja na damu kwa siku tatu hadi saba. Kiasi chote kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani. Damu yenyewe ni ileile inayozunguka katika mwili wa askofu, wa shehe na wa mbunge. Taka za mwili zina njia zake za kutokea, nazo zinajulikana: figo, ini, mapafu na utumbo. Mji wa mimba haumo.

Pamoja na hayo, imani kwamba hedhi ni damu chafu inayokuja kusafisha mwili imeota mizizi hata kwa watu waliofaulu somo la biolojia. Husikika kwenye mahubiri, saluni, ndani ya daladala na, kibaya zaidi, kwenye chumba cha walimu. Februari 2023 ilipiga hodi katika Seneti ya Kenya. Seneta Gloria Orwoba aliingia ukumbini na suruali nyeupe yenye doa jekundu, wenzake wakalalamika, na Spika Amason Kingi akamtaka atoke akabadilishe nguo ndipo arejee. Ukumbi huohuo husikiliza ripoti za wakaguzi kuhusu fedha za kaunti zilizoyeyuka, na hajasikika mtu kuambiwa atoke nje akanawe mikono.

Seneta ana gari, mshahara na suruali nyingine. Msichana wa shule hana. Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, mwanafunzi wa miaka 14 alijiua. Mama yake alieleza kwamba mwalimu alimwita mchafu na kumtoa darasani baada ya damu kupenya kwenye sare, na kwamba hakuwa na pedi. Sheria inayoitaka serikali ya Kenya kuwapa pedi za bure wasichana wa shule waliobalehe ilikuwa imetiwa saini Juni 2017.

Ubaya mkubwa wa imani hii ni kwamba yenyewe ndiyo inayozalisha uchafu inaodai kuukimbia. Kitambaa ni ushahidi tosha. Wasichana wengi, hasa vijijini, hutumia kipande cha khanga kuukuu, na kitaalamu hakuna ubaya wowote: pamba hunyonya, hufulika, na hutumika tena. Kinachotakiwa ni maji safi, sabuni na jua kali. Lakini aliyeambiwa kwamba damu yake ni najisi na haifai kuonekana na baba, kaka wala mgeni, na tena kwamba mchawi akikiokota kitambaa hicho atamfunga kizazi, hawezi kukianika hadharani. Hukifua usiku kwa maji kidogo yaliyobaki kwenye ndoo, kwa kipande cha sabuni kilichokwisha, akakikamua kimyakimya. Kisha hukitandaza chini ya godoro, au hukining'iniza nyuma ya kabati, au hukificha kambani ndani ya gauni la mtu mwingine. Asubuhi kitambaa bado kina unyevu na kimeanza kuvunda. Hukivaa hivyohivyo, akaenda shule. Siku chache baadaye huanza muwasho, na watu wazima hutikisa vichwa: si walisema damu ile ni chafu?

Mwenye pedi naye hajanusurika. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Msichana anayeona aibu kutoka darasani ameshika pedi mbele ya wavulana hukaa na moja tangu paredi ya asubuhi hadi jioni, na anayethubutu kutoka hukuta choo kisicho na mlango wala maji. Damu inapotoka haina harufu kali. Harufu hutokea inapokaa kwenye joto na hewa, bakteria wakaifanyia kazi. Kwa hiyo wanaocheka harufu hucheka matokeo ya kicheko chao wenyewe.

Imani hiyohiyo huwasukuma wengine wajisugue ndani kwa sabuni ya kufulia, dawa ya kuua vijidudu, maji ya limau au chumvi, kwa kuwa uchafu lazima usuguliwe. Uke hujisafisha wenyewe. Ndani yake wamo bakteria wenye faida wanaotengeneza asidi ya laktiki, na asidi hiyo huzuia vijidudu vya maradhi. Anayewaosha hufukuza walinzi. Sehemu ya nje huoshwa kwa maji safi, na hapo kazi imekwisha.

Watetezi wa damu chafu wana ushahidi wao, na ushahidi wenyewe ni mchicha. Inadaiwa kwamba mwanamke aliye mwezini akiingia kwenye bustani ya mboga, mboga hunyauka. Nchini Uganda husemwa hivyo kuhusu karanga. Kwa wafugaji kadhaa, mwanamke huyo hakaribii kukamua ng'ombe. Hesabu ya haraka inatosha. Mwanamke anayevuja siku tano katika kila siku 28 huwa mwezini karibu siku moja katika kila sita, na wanaopanda, kupalilia, kuvuna na kufunga mafungu ya mchicha wengi wao ni wanawake. Madai hayo yangekuwa ya kweli, soko la Kariakoo lingekuwa linauza vumbi. Wasomi wa Ulaya nao wasijione bora: mwaka 1920 Béla Schick, daktari wa Vienna mwenye jina kubwa, alidai kwamba maua yaliyoshikwa na mtumishi aliye mwezini yalinyauka kwa sumu iliyotoka mwilini mwake. Sumu hiyo haijathibitishwa hadi leo. Maua yaliyokatwa hunyauka hata yakishikwa na daktari.

Wengine hukimbilia dini. Katika Uislamu mwenye hedhi hasali wala hafungi, na funga huilipa baadaye, lakini hadithi sahihi zinasimulia kwamba Mtume alijiegemeza mapajani kwa Bi Aisha aliyekuwa katika siku zake, huku yeye Mtume akisoma Kurani. Katika Injili ya Marko, mwanamke aliyevuja damu miaka 12 aligusa vazi la Yesu katikati ya umati, na hakukemewa. Mhubiri anayemkataza binti asikae benchi la mbele kwa sababu ya siku zake aeleze amepata wapi ukali usiokuwepo kwenye visa hivyo.

Wapo pia wanaosema kwamba kunyamaza ndiyo mila yetu. Hao hawajui mila. Pwani, mwari alikuwa na somo wake, na bara wapo makungwi, na mafunzo yao yalipigiwa ngoma hadi mtaa wa pili. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana kwa unyago kama alivyojulikana kwa taarabu. Unyago una kasoro zake, hasa ulivyomfunda mtoto mambo ya ndoa kabla hajamaliza kukua, lakini haukuwa kimya. Ukimya huu umeletwa na wazazi wanaomwachia mwalimu, na mwalimu anayeruka ukurasa wa uzazi kwa kisingizio cha muda. Wanafunzi wengi hufika kwenye mada hiyo wakiwa wameshavunja ungo zamani, kwa kuwa hedhi ya kwanza kwa kawaida huja kati ya miaka 10 na 15.

Serikali nazo hazikosi lawama. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004. Tanzania iliiondoa katika bajeti ya 2018/19, kisha ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Mfanyabiashara alikula tofauti, adhabu akapewa msichana. Kila tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama, viongozi hupigwa picha wakikabidhi maboksi, fulana zikagawiwa, na kufikia Juni choo cha shule bado hakina mlango.

Dhara zito zaidi la imani ya damu chafu ni kuficha ugonjwa. Msichana anayevuja kupita kiasi huambiwa ashukuru kwa kuwa uchafu unatoka, kumbe anapoteza madini ya chuma na kuishiwa damu. Maumivu yanayoitwa chango husababishwa na kemikali za prostaglandini zinazoubana mji wa mimba. Ibuprofeni, ikinywewa baada ya kula maumivu yanapoanza, huzipunguza, wala haiharibu kizazi kama inavyovumishwa. Mtumiaji wa sindano ya uzazi wa mpango ambaye hedhi imekoma hutishwa kwamba damu inajikusanya tumboni. Hakuna kinachojikusanya, maana utando wenyewe haujengeki wa kutosha kubanduka.

Mzunguko usiotabirika katika miaka miwili ya mwanzo ni jambo la kawaida. Lakini anayevuja zaidi ya siku saba, anayelowesha pedi nzima kila saa moja au mbili, anayekosa shule kila mwezi kwa maumivu, au aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, apelekwe kituo cha afya.